Kifuko cha CBT kwa utafiti wa chuo: kinafaa wapi, kinakwama wapi

Kifuko cha vyumba vitano cha Aquagenx, ambacho wengi wanakiita CBT (Compartment Bag Test), kimekuwa kimbilio la wanafunzi wa mikrobiolojia na wa sumu za mazingira wanaotaka kupima maji mahali pasipo na maabara. Asili yake ni kundi la Mark Sobsey pale Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Walengwa wa mwanzo walikuwa wahudumu wa maafa na wa afya vijijini, watu wanaohitaji kujua kama maji yanyweke au yasinyweke. Mtahini wa tasnifu hakuwemo kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo matatizo ya mwanafunzi yanapoanzia. Ukikiuliza kifuko "kisima hiki kiko kundi gani la hatari?" kinajibu vizuri kuliko vifaa vya bei kubwa zaidi. Ukikiuliza "mto huu umechafuka mara ngapi zaidi chini ya machinjio kuliko juu yake?" kitakupa namba, lakini namba hiyo haitabeba hoja yako.

Utendaji wake ni rahisi. Unachukua mililita 100 za maji, unatia unga wa chakula cha bakteria, unasubiri uyeyuke kwa takriban dakika 15 huku ukitikisa polepole, kisha unamimina kwenye kifuko kilichogawanywa vyumba vya mililita 56, 30, 10, 3 na 1. Havikupangwa kwa ukubwa; kile kikubwa kiko katikati. Ndani ya unga kuna X-gluc, kemikali ambayo E. coli, bakteria wa utumboni wanaoashiria kinyesi, huikata kwa kimeng'enya chake cha beta-glukuronidesi na kuacha rangi ya buluu. Chumba chenye E. coli hata moja hai hugeuka buluu au buluu-kijani. Kisicho nayo hubaki njano au njano-kahawia. Hakuna koloni za kuhesabu wala taa ya kuwasha, labda uwe umenunua toleo linalopima pia koliformi zote (kundi pana la bakteria ambamo E. coli imo), ambalo linahitaji taa ya urujuanimno.

Kosa la kwanza hutokea wakati wa kujaza. Vyumba vyote vimeunganishwa kwa juu, na kila kimoja kinatakiwa kufika kwenye mstari uliochapwa kabla ya kubana kibanio cha plastiki. Ukimimina haraka, chumba cha mililita 1 na kile cha 3 hushika hewa na kubaki pungufu, huku kile cha 56 kikizidi. Dawa yake ni kumimina taratibu, kukiinamisha kifuko kidogo upande wa vyumba vyembamba, kisha kukikanda kwa vidole hadi maji yalingane na mstari kote. Kanda kabla ya kubana. Kibanio kikishakaa, usikiguse tena. Kikiwa kimekaa kombo, buluu ya chumba kimoja hupenya polepole kwenda cha jirani, na kesho yake unakuta vyumba viwili vimebadilika ilhali ni kimoja tu kilichokuwa na bakteria. Ishara ya kupenya ni rangi iliyokolea karibu na ukingo wa juu na kufifia kuelekea chini. Chumba kilichogeuka kwa haki yake hukolea sawasawa. Kifuko cha namna hiyo kiandike "batili", usikitafutie tafsiri.

Kosa dogo kwenye chumba cha mililita 1 lina uzito kuliko kosa hilohilo kwenye kile cha 56. Nusu mililita ikipungua kwenye 56 haibadilishi kitu. Ikipungua kwenye 1, umeondoa nusu ya ujazo wa chumba ambacho ndicho pekee kinachotenganisha maji machafu na maji machafu sana.

Jedwali linalokuja na kifuko lina michanganyiko 32, kila mmoja na MPN yake, yaani idadi ya bakteria yenye uwezekano mkubwa zaidi kwa mililita 100. Vyumba vyote vikiwa njano, jibu ni 0. Kikigeuka cha 56 peke yake, 1.5. Vikigeuka 56 na 30, 4.7. Ukiongeza cha 10, 13.6. Ukiongeza cha 3, 48.3. Vyote vitano vikigeuka, jedwali linaandika "zaidi ya 100" na kuishia hapo. Baada ya 48.3 hakuna 60, hakuna 75, hakuna 90.

Msimamizi wako atakuuliza kuhusu pengo hilo, basi lielewe mapema. Chukua maji yenye E. coli 50 kamili kwa mililita 100, zimesambaa bila mpangilio. Uwezekano wa chumba cha mililita 1 kupata angalau bakteria mmoja ni karibu asilimia 39, na wa kile cha 3 ni karibu 78. Vyumba vikubwa vina uhakika. Zidisha: takriban vifuko vitatu kati ya kumi vya maji hayohayo vitageuka buluu vyote na kusomeka "zaidi ya 100". Sasa chukua maji yenye 100 kamili. Vifuko vinne kati ya kumi havitageuka vyote, hivyo vitasomeka 48.3 au chini yake. Kwa hiyo visima viwili, kimoja cha 50 na kingine cha 100, vinaweza kabisa kubadilishana nafasi kwenye jedwali lako kwa bahati tu. Kifuko hakijaharibika. Ni hesabu ya kawaida ya MPN yenye vyumba vichache, nacho kina vitano tu. Wigo wa uhakika wa asilimia 95 kwa jibu la 48.3, yaani eneo ambamo idadi ya kweli inatarajiwa kuwemo, unaingia kwenye mamia. Anayeandika "kisima A kina 48.3 na kisima B kina 13.6, hivyo A kimechafuka mara 3.6 zaidi" amejiandikia swali la kushindwa siku ya utetezi.

Kwa visima vilivyofunikwa, mabomba, matangi ya nyumbani na ndoo za kunywea, haya yote hayaumi sana, kwa sababu unachokitaka ni makundi: chini ya 1, 1 hadi 10, 11 hadi 100, zaidi ya 100. Makundi hayo ndiyo yaliyozoeleka kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani, na jedwali la kifuko limepakwa rangi kuyafuata. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinataka E. coli isionekane kabisa ndani ya mililita 100, na hilo kifuko kinalijibu kwa ujazo kamili wa mililita 100 kama njia nyingine yoyote. Kumbuka tu kwamba jibu la 0 halina maana ya sifuri ya kweli. Maji yenye bakteria mmoja kwa kila mililita 100 yatakupa sifuri zaidi ya mara moja katika kila sampuli tatu, kwa sababu huyo mmoja hakuingia kwenye chupa. Njia zote za mililita 100 zina udhaifu huo.

Kwa mto, mfereji, bwawa au kisima cha wazi wakati wa masika, usitumie kifuko bila kuzimua. Sampuli za Msimbazi au Mto Nairobi zitakugeuzia vyumba vyote, na utarudi na safu ndefu ya "zaidi ya 100" isiyosema chochote. Zimua mililita 10 za sampuli kwa mililita 90 za maji safi na uzidishe jibu kwa 10. Sasa kilele chako ni 483, na chini yake huwezi kuona kitu kilicho chini ya 10. Ukizimua 1 kwa 99, unazidisha kwa 100, kilele kinakuwa 4,830. Fanya jaribio dogo la awali kwenye vituo viwili vitatu ili ujue uzimuaji upi unaacha angalau chumba kimoja njano na kimoja buluu. Kifuko chenye mchanganyiko wa rangi ndicho kinachokupa taarifa. Vinginevyo, kwa kila sampuli umechoma vifuko viwili au vitatu, na hapo faida ya bei imekwisha.

Maji ya kuzimulia nayo huharibu tafiti nyingi kuliko watu wanavyokiri. Maji ya chupa ya dukani si tasa kwa sababu tu yana kifuniko chenye muhuri, na mengine yametiwa ozoni au dawa. Tumia maji yaliyopita kwenye otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo), au yaliyochemshwa kwa dakika kadhaa na kupoa ndani ya chombo hichohicho kikiwa kimefunikwa. Bora yawe na bafa ya fosfeti, kwani bakteria waliotoka mtoni hawastahimili vizuri maji yasiyo na chumvi yoyote. Ukishazimua, anza kuatamiza (kukiweka kifuko kwenye joto ili bakteria wakue) ndani ya nusu saa. Na kila siku ya kazi weka kifuko kimoja cha maji hayo matupu. Kikigeuka buluu hata chumba kimoja, siku hiyo yote imekwenda.

Joto ndilo jambo ambalo tangazo la kifuko linalifanya jepesi kupita kiasi. Ni kweli kinaweza kukaa bila inkubeta, yaani kabati la kutunza joto. Kwa nyuzi 35 hadi 44 unasoma baada ya saa 20 hadi 24, kwa 30 hadi 35 baada ya saa 24 hadi 30, kwa 25 hadi 30 baada ya saa 40 hadi 48. Chini ya 25 inkubeta ni lazima. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja utafaulu kwa joto la chumba miezi mingi ya mwaka, mradi ukubali kusubiri siku mbili. Arusha, Iringa, Mbeya, Nairobi, Bukavu au Kigali usijaribu: usiku unaporomoka mbali chini ya 25, na kifuko kilichopoa kwa muda wa saa nane hakijakaa saa 24 kwenye joto lolote linalotambulika. Mbaya zaidi ni kwamba kosa la baridi daima linaelekea upande mmoja. Linapunguza buluu, linayafanya maji machafu yaonekane masafi. Mwanafunzi anayelinganisha visima vya bondeni na vya mlimani kwa joto la chumba atapata matokeo mazuri ajabu yanayopima hali ya hewa.

Kama huna umeme wa uhakika, sanduku la baridi lenye chupa mbili za maji ya vuguvugu linasaidia, ila liwekee kipimajoto cha kumbukumbu kinachoonyesha joto la juu na la chini kabisa, na uandike namba zote mbili kwenye daftari. Kwa upande wa pili, gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Vifuko vilivyosahauliwa humo mchana vitarudi njano vyote, tena njano nzuri, kwa sababu bakteria wamekufa.

Njano ya uongo ina vyanzo vingine viwili, na hapa ndipo mikrobiolojia na sumu za mazingira zinapokutana kwenye chupa moja. Cha kwanza ni klorini. Maji ya bomba yenye klorini iliyobaki yanaendelea kuua bakteria njiani kuelekea maabara, hivyo sampuli ichukuliwe kwenye kifuko au chupa yenye thiosulfeti ya sodiamu. Kwa chupa ya mililita 120, mililita 0.1 ya mchanganyiko wa asilimia 3 inatuliza klorini hadi miligramu 5 kwa lita, inayotosha kwa maji ya kunywa. Usiisuuze chupa hiyo kabla ya kujaza, maana utaimwaga dawa. Chanzo cha pili kinasahaulika zaidi: metali. Maji ya karibu na machimbo, au yaliyolala usiku kwenye mabomba ya shaba, yanaweza kuwa na shaba au zinki ya kutosha kudhoofisha bakteria kabla hujafika, na thiosulfeti peke yake haiwezi kuziondoa. Sampuli za aina hiyo hutiwa pia EDTA, ambayo hushika metali na kuzifunga. Mtu anayefanya utafiti wa uchafuzi wa migodi upande wa Geita au Migori na kukuta hakuna kabisa E. coli kwenye maji yanayonywewa na ng'ombe, asifurahi kabla hajaliangalia hili.

Upo pia upofu wa kifuko wenyewe. Kinatafuta kimeng'enya kimoja. E. coli O157:H7, ile inayosababisha kuhara damu na kuharibu figo, kwa kawaida haina shughuli ya beta-glukuronidesi na itapita kimya. Kipindupindu hakionekani, wala virusi, giadia, kriptosporidiamu na kichocho. Andika "kiashiria cha uchafuzi wa kinyesi", usiandike "maji hayana vimelea". Sentensi hii ya pili ipo kwenye tasnifu nyingi, na si kweli.

Rangi nayo ina ubishi wake. Kanuni ni kwamba buluu yoyote, hata doa dogo au kijani hafifu, ni chanya. Maji yenye chuma kingi au rangi ya chai kutoka kwenye mabwawa huanza na kahawia inayochanganya jicho, hivyo piga picha kila kifuko saa sifuri na saa ya kusoma, juu ya karatasi nyeupe, chini ya mwanga uleule. Wasomaji wawili wasome bila kuonana. Na usisome kwa kuchelewa sana: kifuko kilichokaa siku tatu kwenye joto la juu kinaweza kuonyesha rangi isiyotokana na E. coli.

Kuhusu vidhibiti, kanuni ya chini kabisa inayokubalika ni hii: kifuko kimoja kitupu kwa siku, moja ya kila sampuli kumi irudiwe, na kwa kila shehena mpya ya vifuko utumie aina mbili za bakteria zinazojulikana. E. coli ATCC 25922 inatakiwa igeuze buluu, na Klebsiella pneumoniae, koliformi isiyo na kimeng'enya hicho, ibaki njano. Ukiwa mbali na maabara inayotunza aina hizo, maji ya mfereji kidogo yatasimama badala ya chanya, lakini hutakuwa na kitu cha kusimama badala ya hasi. Idadi ya vifuko vya kununua ihesabiwe na hivi vyote ndani. Sampuli 60 zinakula vifuko 80 kirahisi.

Wapinzani wake ni watatu. Colilert yenye trei ya Quanti-Tray/2000, ya kampuni ya IDEXX, ni unga unaotiwa kwenye sampuli na kumiminwa kwenye trei yenye vishimo 49 vikubwa na 48 vidogo, inasoma hadi 2,419.6 kwa mililita 100 bila kuzimua, na wigo wake wa uhakika ni mwembamba mno ukiulinganisha na wa kifuko. Kwa swali la mto na machinjio, hii ndiyo njia. Inataka mashine ya kuziba trei, umeme, inkubeta ya nyuzi 35 isiyoyumba zaidi ya nusu nyuzi, na taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Hakuna sababu ya mwanafunzi kuinunua mashine hiyo. Ulizia kwenye maabara ya mamlaka ya maji au ya idara jirani, ununue trei na unga tu. Kwa maji ya bahari zimua angalau mara kumi kwa maji tasa, la sivyo bakteria wa baharini, hasa jamaa za Vibrio, watakupa mng'ao usio wa E. coli. Anayefanya kazi ufukweni Mombasa au Coco Beach asiruke hatua hii.

Kichujio cha utando ndiyo njia ya zamani, na kwa sampuli nyingi bado ndiyo nafuu kuliko zote. Utando wa milimita 47 wenye vitundu vya mikromita 0.45, pampu ya mkono, mchuzi wa lauryl sulfeti, saa moja hadi nne za kuwapumzisha bakteria, kisha nyuzi 44 kwa saa 16 hadi 18, halafu unahesabu koloni za njano. Faida yake ni kwamba unahesabu vitu unavyoviona, na koloni unaweza kuichukua ukaipeleka kwenye PCR au kipimo cha usugu wa dawa. Kifuko hakikupi hilo kirahisi. Hasara yake ni tope: maji ya masika huziba utando kabla hata mililita 30 hazijapita. Na mikono isiyozoea huchafua. Kifaa cha shambani cha aina ya DelAgua husafishwa kwa kuchoma mililita 1 hivi ya methanoli ndani ya kikombe na kukifunga kabla moto haujaisha. Moto ukikosa hewa hutoa gesi ya formaldehaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoua, kwa angalau dakika 15. Watu hubadilisha methanoli kwa spiriti ya ethanoli kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Ethanoli haitoi formaldehaidi. Kikombe kinapata moto kidogo na masizi, utasa haupo. Fanya kazi hiyo nje au penye hewa, maana formaldehaidi inasababisha saratani na methanoli inapofusha.

Petrifilm ya E. coli na koliformi, kijikaratasi chenye chakula cha bakteria kilichokaushwa, iliyokuwa ya 3M na sasa inauzwa na Neogen, inapokea mililita 1 tu. Koloni moja ni sawa na 100 kwa mililita 100, basi kwa maji ya kunywa haifai, na kwa maji ya mfereji ni nzuri sana. Mbinu isiyosifiwa vya kutosha ni kuziweka mbili pamoja: kifuko kwa mililita 100, Petrifilm kwa mililita 1 ya sampuli ileile. Kifuko kinapoishia "zaidi ya 100", Petrifilm ndipo inapoanzia. Pengo linazibwa bila mashine yoyote, na Petrifilm inakupa koloni la kuchukua kama utalihitaji.

Kwenye uchambuzi, usiibadilishe "zaidi ya 100" kuwa 100, wala 101, wala 200, kisha ukachukua wastani. Huo si mwisho wa data, ni data iliyokatwa: thamani ya kweli iko juu ya 100 lakini haijulikani. Tumia makundi manne kama daraja na upimaji wa Kruskal-Wallis au regresheni ya daraja, au, kama unataka namba, modeli inayotambua ukataji kama Tobit juu ya logi ya msingi 10. Sifuri nazo zimekatwa kwa upande wa chini. Msimamizi akisisitiza wastani wa jiometri, mpe asilimia ya sampuli katika kila kundi kando yake, aone mwenyewe ni ipi inayosema ukweli.

Kwa wa upande wa sumu, kifuko hakina neno. Kisima kinaweza kupata 0 safi na kuwa na floraidi inayochakaza meno na mifupa, kama ilivyo kwenye miteremko ya Meru, Ngurdoto na sehemu za Bonde la Ufa upande wa Nakuru. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo cha rangi cha floraidi kiitwacho SPADNS kinaishia miligramu 2, hivyo maji ya huko yazimuliwe kabla, na shabu iliyotumika kuyasafisha huleta aluminiamu inayoshusha jibu. Elektrodi ya floraidi ni bora: changanya sampuli na TISAB, bafa maalumu ya kipimo hiki, nusu kwa nusu ili floraidi iliyoshikwa na aluminiamu na chuma iachiwe, na hakikisha mteremko wa elektrodi uko karibu na milivolti 59 kwa kila mara kumi ya ukolezi kwenye nyuzi 25. Ukishuka chini ya 54, safisha au badilisha kabla ya kuendelea. Viwango vitunzwe kwenye chupa za plastiki.

Taka ziandaliwe bajeti tangu mwanzo. Kifuko chenye buluu kimebeba mamilioni ya E. coli waliolishwa usiku kucha. Fungua kibanio, tia vidonge vya klorini vilivyokuja nacho au mililita 20 za jiki ya asilimia 3.5 kwa mililita 100, ichanganyike kwenye vyumba vyote, subiri dakika 30, ndipo umwage chooni. Vipimo vya sumu ni shida zaidi, kwa kuwa vyenyewe ni sumu. SPADNS ya kawaida ina arseniti ya sodiamu, kwa hiyo agiza toleo la pili lisilo na arseniki. Unga wa kupimia naitreti uitwao NitraVer 5 una kadimiamu. Karatasi za kipimo cha arseniki zina bromidi ya zebaki, na chupa yake hutoa gesi ya arsini inapofanya kazi, kwa hiyo kifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni. Hivi vyote vikusanywe kwenye chombo chenye lebo na kurudishwa chuoni.

Kabla ya kulipia vifuko, mwambie muuzaji akutumie picha ya tarehe ya mwisho wa matumizi ya unga, na si ya kifuko peke yake, kwa sababu vitu hivyo viwili havichakai pamoja. Forodha inaweza kula wiki kadhaa, na unga uliokaa kwenye kontena la moto hauna tangazo lolote linalokujulisha umekufa zaidi ya ile E. coli ya udhibiti kukataa kugeuka buluu. Agiza shehena moja yenye namba moja kwa utafiti wote, ipime siku inapofika, na uhifadhi vifuko vitano vya mwisho bila kuvigusa hadi mtahini aseme hana swali.